Kabla Hujamwambia Mteja Anunue Alternata

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliofika, mafundi wenzangu wa gereji za hapa Tanga, na ninyi vijana mnaomaliza mwaka huu: asanteni kwa kunialika, na poleni na jua hili. Nimeombwa niseme juu ya umeme wa magari ya zamani. Mwalimu aliyeniita amenitahadharisha nisije na nadharia nyingi, maana nadharia mmeshalishwa ya kutosha. Basi nitasema ya gereji.

Kuna vijana wanaoona aibu kushika magari ya zamani. Anataka aonekane na kompyuta ya kupimia mkononi, achomeke, asome namba, atangaze ugonjwa. Sikatai. Kompyuta ina kazi yake, na atakayejifunza atakula. Lakini simameni barabarani nusu saa muangalie yanayopita: Corolla za miaka ya 1990, Mark II, Hiace za abiria, Hilux zilizobeba mkaa, na huko kwenye mashamba ya mkonge bado zipo Land Rover zilizowazidi umri walimu wenu. Corolla ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 haina tundu la kuchomekea hiyo kompyuta mnayoiota. Ina kiboksi chini ya boneti. Unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi ya funguo, taa ya injini kwenye dashibodi inakonyeza na wewe unahesabu. Na hata hapo itakupa habari za sensa tu, vile vipimaji vya injini. Haitakwambia kwamba bolti moja nyuma ya taa imekula kutu, na kutu ndiyo itakayowalisha ninyi.

Sasa nieleze ugonjwa mkubwa wa kazi yetu, na hauko kwenye gari, uko kwetu mafundi. Mteja anakuja asubuhi: gari halitaki kuwaka, au linawaka kwa kusukumwa. Fundi anainua boneti, anagonga terminali na spana namba kumi, anatikisa kichwa, anasema, "Betri hiyo, mzee." Mzee ananunua betri. Wiki mbili hazijapita, karudi. "Basi ni alternata." Ananunua alternata ya mtumba, ile mashine ya kuchajia betri, nayo inakaa siku mbili tatu. "Basi stata, mota ya kuzungushia injini." Mpaka hapo mzee ametoa fedha ambayo ingelipa ada ya mtoto, na gari bado linasukumwa. Hakuna aliyepima kitu. Kila mmoja alibahatisha kwa mfuko wa mwenzake.

Kwa nini tunafanya hivi? Nitalirudia mwishoni, kwa sababu lina habari ya fedha ndani yake.

Umeme wa gari, tofauti na ule wa nyumbani, mara nyingi una waya mmoja tu mnaouona. Unatoka chanya ya betri, unapita kwenye fyuzi, kwenye swichi, unaingia kwenye balbu. Kisha unarudi vipi? Unarudi kwa bati. Bodi ya gari yote ni waya wa pili: kutoka kwenye balbu hadi kwenye bati, kutoka kwenye bati hadi kwenye waya mnene wa hasi, na kuingia betri. Mafundi tunaiita ethi. Na fundi akiwa na balbu ya kupimia mkononi, mara tisa kati ya kumi utamkuta anaufuata umeme wa kwenda. "Hapa upo, hapa upo, hapa upo." Anafika kwenye taa, upo, taa haiwaki, anasema balbu imeungua. Umeme wa kurudi hakuuuliza.

Na hapa kwetu pwani ndipo penye balaa. Hewa ina chumvi. Chumvi na unyevu vikikutana pale ambapo kichwa cha waya cha shaba kimefungwa kwenye bati la chuma, vinakula. Utaona ule unga wa kijani unaingia mpaka ndani ya plastiki ya waya, unakata plastiki kidogo, kijani. Unakata tena, bado kijani. Ongezeni na mafundi wa bodi, Mungu awabariki, wanaonyoosha bati na kupiga rangi nzuri kabisa mpaka juu ya ile sehemu ya kufungia ethi, kisha wanarudisha bolti juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Gari linatoka gereji linang'aa na taa za nyuma zina kichaa.

Zijueni sehemu hizo kwa kuzishika, si kwa kusoma. Ile ya betri kwenda kwenye bodi. Ile ya betri kwenda kwenye injini au gia boksi. Mkanda uliosukwa wa nyaya kati ya injini na ukuta wa nyuma ya injini, ambao ukishusha injini kwa ajili ya ovahoo ni rahisi sana kuusahau. Zile ndogo nyuma ya taa kubwa, na zile za ndani ya buti karibu na taa za nyuma. Kwenye Toyota waya wa ethi ni mweupe wenye mstari mweusi. Kwenye Land Rover na magari mengine ya Kiingereza yenye vifaa vya Lucas, ethi ni mweusi mtupu, wa kahawia unatoka betri bila fyuzi, mweupe ni wa swichi ya funguo, wa kijani ni wa vitu vinavyopita kwenye fyuzi baada ya swichi. Na mkikutana na Land Rover ya zamani hasa, ya kabla ya miaka ya mwisho ya 1960, tazameni kwanza betri yake: nyingi zilitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Ukiifungia redio kwa mazoea umeiua.

Sasa tuje kwenye lile ambalo nataka mtoke nalo hapa. Chukueni mita, muweke kwenye kupima ukinzani, mpime waya wa hasi kutoka betri hadi injini. Mita itaonyesha sifuri, au inalia pii. Mtasema waya mzima. Waya umewadanganya, na mita imeusaidia. Fikirieni geti la uwanja wa mpira wa Mkwakwani. Asubuhi, watu wawili wakipita, geti hata likiwa limefunguliwa upenyo wa bega, wanapita bila shida, na ukiuliza utaambiwa njia iko wazi. Ngoja sasa siku ya mechi. Mita yako inapopima ukinzani inapitisha umeme mdogo mno, hao ndio watu wawili wa asubuhi. Stata ya Corolla inataka ampea 150, pengine zaidi. Hapo ndipo utajua geti lina upana gani.

Tupige hesabu, ya Bwana Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827 na bado haijapata mpinzani: volti ni ampea mara omu. Kiungo chenye kutu kikiwa na ukinzani wa omu 0.01, kitu ambacho mita zetu hizi haziwezi hata kukiona kwa kuwa nyaya zake zenyewe zina zaidi ya hapo, ampea 150 zikipita zinapoteza volti moja na nusu palepale. Betri ina 12.6, ikishushwa na mzigo inabaki na 10 na kitu, halafu moja na nusu inakufia kwenye bolti. Stata inapata nane na ushei. Itazunguka kwa kunung'unika, na mzee ataambiwa anunue stata.

Basi waya usipimwe umelala. Upimwe ukiwa kazini. Weka mita kwenye volti za DC, ile ya 20. Kwanza betri yenyewe, gari likiwa limelala usiku kucha: 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, ikishuka chini ya 12 ichajiwe kwanza kabla hujasema neno lolote. Kisha mwambie mwenzako apige stata, na wewe shikilia ncha za mita juu ya vichwa vya risasi vya betri vyenyewe, si juu ya klipu. Betri ikiwa nzima haitashuka sana chini ya 10. Ikitoka 12.5 ikaanguka hadi 7, betri ndiyo mgonjwa, hapo hatubishani. Lakini ikibaki kwenye 11 na stata bado inasuasua, betri haina kosa, tafuta njiani.

Utatafutaje? Ncha moja ibaki kwenye kichwa cha hasi cha betri. Ya pili ishike chuma safi cha injini. Zote mbili ni hasi, kwa hiyo ungetarajia usome sifuri. Mwambie apige stata. Ukisoma 0.1 au 0.2, sawa, endelea upande wa chanya kwa namna hiyohiyo, kichwa cha chanya hadi bolti ya stata. Ukisoma moja, moja na nusu, umelipata eneo. Sasa sogeza ncha kidogo kidogo: kutoka kichwa cha betri hadi klipu yake, kutoka klipu hadi mwisho wa waya, kutoka mwisho wa waya hadi chuma cha injini. Pale ambapo namba inaruka, hapo ndipo kutu ilipo. Kazi ya dakika tano. Hujafungua bolti hata moja, hujamchafua mtu, na hujauza kitu.

Mara nyingi ni kichwa cha betri na klipu yake. Vinaonekana vimebana lakini kati yake kuna unga. Mimi hutumia maji ya moto na magadi, hayahaya ya kupikia maharage, kwa sababu magadi yanaua asidi, utaona povu. Angalia yasiingie ndani ya betri. Kisha brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, kaza, paka vaselini juu. Na ukifungua, anza na hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Spana ikigusa bodi ukiwa unafungua chanya wakati hasi ipo, utaona moto ambao hujawahi kuuona. Pete vueni. Nimemwona mtu mwenye alama ya pete kidoleni, na pete yenyewe hayuko nayo tena.

Niwape gari moja, Corolla, iliyofika kwetu ikiwa imeshazunguka gereji. Ilikuwa imebadilishiwa stata na betri. Malalamiko ya mwenyewe yalikuwa mawili, na alidhani hayahusiani: gari linawaka kwa shida, na pedali ya gesi imekuwa nzito, wakati mwingine inaganda. Fundi wa kwanza alimwambia gesi ni kazi ya makenika, si ya umeme. Nilipoinua boneti nikaona kava la plastiki la waya wa gesi limeyeyuka, limekunjamana kama liliwekwa juu ya jiko. Mwenzangu alipopiga stata nikaugusa: wa moto. Injini ilikuwa imeshushwa miezi michache nyuma, na ule mkanda wa ethi haukurudishwa. Na waya mnene wa hasi wa kwenye injini ulikuwa umelegea. Injini imekaa juu ya raba, haina chuma kinachogusa bodi. Umeme wa stata haukukata tamaa. Ulitafuta njia ya kurudi, ukaona waya mwembamba wa gesi unaounganisha injini na bodi, ukapita huko, ampea zote zile. Ndiyo maana uliungua, ndiyo maana gesi ikawa nzito. Dawa yake ilikuwa mkanda mmoja, nati moja na msasa. Ile stata ya zamani ilikuwa nzima na ilishauzwa.

Nyingine ni hii mtakayoiona kila wiki, hasa kwenye pick-up. Unakanyaga breki, indiketa ya upande mmoja inawaka kwa unyonge. Au unawasha indiketa na taa ndogo nazo zinakonyeza. Wenye magari wanasema gari lina jini. Halina. Taa za nyuma za upande ule zote zinatumia ethi moja. Ethi ikikatika, umeme wa breki unaingia kwenye uzi wa balbu ya breki, unafika mwisho, hauna pa kurudia, unaona mlango wa uzi wa indiketa, unapanda nao kinyumenyume, unaenda kutafuta ethi ya mahali pengine kwenye gari kupitia balbu za huko. Njiani unapita kwenye nyuzi mbili au tatu kwa mpigo, kwa hiyo zote zinawaka nusunusu. Mwanga mnyonge unaowaka mahali usipotakiwa ni dalili ya ethi karibu kila mara. Chukua waya wako wa majaribio, shika kishikio cha taa kwa ncha moja na bati safi kwa nyingine. Mambo yakikaa sawa papo hapo, usiguse swichi ya breki, usiguse flasha. Nenda kwenye bolti, msasa, kaza, grisi.

Taa kubwa zikiwa hafifu, vivyo hivyo, pima kwenye soketi ya taa yenyewe ikiwa inawaka. Ukipata 10 pale na 12 kwenye betri, mwanga umeshuka hadi karibu nusu, kwa sababu balbu ya uzi haipungui sawasawa na volti, inaporomoka. Magari mengi ya zamani yanapitisha umeme wote wa taa kubwa kwenye swichi ya usukani. Mfungie rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme, waya wa milimita mraba 2.5 kutoka betri kupitia fyuzi, swichi ibaki na kazi ndogo ya kuiamsha rilei. Namba zimeandikwa chini ya rilei: 30 umeme wa betri, 87 unaenda taani, 85 na 86 ndiyo koili. Mteja atadhani umemwekea balbu mpya.

Chaji. Injini ikiwa inawaka na mzunguko umepanda kidogo, kwenye vichwa vya betri usome kati ya 13.8 na 14.5. Ikizidi 15, riguleta imekufa na betri itachemka. Ikiwa 12 na kitu, haichaji, lakini bado usiseme alternata. Pima kwenye bolti ya nyuma ya alternata yenyewe. Ukikuta 14.3 pale na hiyo 12 na kitu kwenye betri, alternata inafanya kazi yake, njia ndiyo inayoiba. Tazama na mkanda wa feni, bonyeza kwa kidole gumba. Kwenye Land Rover zenye alternata ya Lucas tazama pia kile kibalbu chekundu cha chaji kwenye dashibodi: ndicho kinachoiamsha alternata. Kikiungua, alternata inaweza kulala kabisa, na watu wamebadilisha alternata nzima kwa ajili ya kibalbu.

Na sasa nitasema kwa ukali kidogo. Kuna mtindo wa kuvua terminali ya betri injini ikiwa inawaka ili "kuona kama alternata inashika". Mtindo huo ulitoka kwa wazee waliokuwa na dainamo, mashine ya kuchajia ya kabla ya alternata, na hata wao ulikuwa na madhara yake. Betri ndiyo inayomeza mishtuko ya alternata. Ukiivua ghafla, volti zinaweza kuruka hadi makumi, zikapasua dayodi za alternata (vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), redio, na kontrol boksi ya injini. Unaua gari ukilipima. Nikimwona mwanafunzi wa chuo hiki anafanya hivyo nitamwomba mwalimu arudishe cheti.

Betri inayokwisha usiku nayo ina yake. Magari yetu mengi yanatoka Japani, na redio za Japani zilitengenezwa kwa FM ya 76 hadi 90, wakati stesheni zetu ziko 88 hadi 108. Kwa hiyo gari likishuka tu bandarini, la kwanza linaenda kwa fundi redio. Wengine ni hodari. Wengine wanakata soketi ya kiwandani kwa meno, wanasokota nyaya, wanafunga tepu, wanachukua umeme popote wanapoukuta. Kisha inakuja alamu. Kisha taa za urembo. Ukipata gari linalokufa usiku, anzia hapo, pamoja na taa ya buti. Taa ya buti ya wati 5 inakula ampea 0.4, kwa saa 24 hizo ni ampea-saa kumi. Betri ya ampea-saa 45 ikiachwa kuanzia Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi imebaki na nusu au chini yake, na ikiwa ni betri iliyochoka haitawasha.

Vua hasi, weka mita katikati ya kichwa cha betri na klipu yake, kwenye tundu la ampea 10, milango imefungwa au umebonyeza swichi yake. Usipige stata mita ikiwa pale. Gari la zamani linatakiwa lisile zaidi ya ampea 0.05, na mengi yanakula kidogo sana kuliko hapo. Ukiona 0.4, vuta fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Fyuzi zote zimekwisha na namba bado iko juu? Vua waya wa alternata. Dayodi iliyovuja inakunywa betri usiku kucha, na mchana inaonekana inachaji vizuri tu.

Fyuzi inayoungua kila ukiweka ndiyo inayowafanya watu wafungie karatasi ya sigara. Jamani. Fyuzi haikuwekwa kulinda redio, imewekwa kulinda waya usiwake moto nyuma ya dashibodi ambako hufiki kwa mkono. Nyekundu ni 10, ya bluu 15, ya njano 20, ya kijani 30, na nafasi ya nyekundu haiwekwi ya kijani kwa sababu ya haraka ya mteja. Zile za kioo za Lucas zilizoandikwa 35 msizichukulie kwamba zinabeba 35. Hapo ndipo zinapokatikia, mzigo wa kudumu ni 17 tu. Ukitaka kuitafuta shoti bila kumaliza pakiti nzima ya fyuzi, vua fyuzi, mahali pake unganisha balbu ya breki ya wati 21. Shoti ikiwepo, balbu inawaka kwa nguvu zote, nayo haipitishi hata ampea mbili, waya hauungui. Sasa tembea na gari: chomoa soketi hii, tikisa waya ule, fungua mlango, geuza usukani. Balbu ikififia, simama. Mkono wako uko juu ya kosa. Wengi huikuta pale nyaya zinapopita mlangoni au kwenye tundu la bati lililopoteza raba yake.

Kuhusu kuunga nyaya sitasema mengi. Msisokote na kufunga tepu mahali penye joto la injini, gundi inayeyuka na tepu inateleza. Waya wa nyumba, ule mmoja mgumu, usiingie kwenye gari kabisa. Unakatika kwa mtikisiko. Na waya mpya usiwe mwembamba kuliko ulioutoa.

Kabla ya mita, lakini, kuna maswali. Kuuliza si ujinga. Lilianza lini? Baada ya mvua? Baada ya kuoshwa? Nani alilishika mara ya mwisho, alifanya nini? Mwenye gari anakwambia, "Tangu lipigwe rangi." Umeshamaliza nusu ya kazi ukiwa umesimama na chai yako. Wengi wetu tunamkatiza mteja kwa kuwa tunaona aibu kuonekana hatujui.

Nimeahidi habari ya fedha. Mteja wetu amezoea kulipa spea na "hela ya kufunga". Akiambiwa alipe kwa kupima, anaona anaibiwa: "Umeangalia tu, hujatengeneza kitu." Fundi naye ana kodi ya eneo na watoto. Basi ukiwa unalipwa kwa kubadilisha, utabadilisha. Ule mkanda wa ethi ni wa bei ndogo kabisa. Atakayeugundua kwa dakika tano na kulipwa nauli ya bodaboda, kesho atauza alternata, tusidanganyane. Wazazi na wenye magari mlioko hapa, hili ni lenu pia.

Ninachowashauri vijana ni hiki, na gereji yetu tunafanya. Tajeni bei ya kupima kabla ya kuinua boneti, muiandike ukutani, hata iwe ndogo. Mkishapima, muandike namba kwenye risiti: betri imelala 12.5, stata ikipigwa 10.3, ethi ya injini 0.1, chaji 14.2. Mpeni mwenyewe aondoke nayo, hata kama hamkukuta kosa. Mara ya kwanza atanung'unika. Akienda kwingine akaambiwa anunue alternata, ataitoa ile karatasi mfukoni, na fundi yule itabidi naye atafute mita. Bei ya mita ya kawaida iko chini ya bei ya betri, kwa hiyo hakuna wa kusema imemshinda.

Mkuu wa chuo, muda niliopewa umekwisha na walimu wananiangalia. Maswali nitayapokea uani, kwenye ile Hilux nyeupe. Mwenyewe ameniruhusu tuifungue, anasema indiketa zake zinawaka akikanyaga breki. Mita zipo tatu, kaeni makundi matatu, na asiguse mtu terminali ya chanya kabla ya hasi.